Ubao wa Saba

Tulikuwa saba kwenye kitabu cha kikundi
na mwandiko ni wangu: Bupe, Subilaga, Anyisile,
mapacha wa Mwakatobe, Gwamaka fundi cherehani,
na mimi, karani wa mizani ya chai.
Kila Jumamosi elfu kumi, inyeshe isinyeshe.
Na hapa Tukuyu, isinyeshe ni neno la kujazia mstari.

Wazo lilikuwa la Anyisile.
Aliona kwenye simu watu wamesimama juu ya bahari
kama kuku juu ya paa, akasema: na sisi.
Hakuna aliyemuuliza, na sisi kwa lipi.

Mwalimu wa mawimbi hatukuwa naye.
Tulikuwa na mbao saba za paini kutoka Mafinga,
zimerandwa hadi ukizipapasa
unadhani umeshika mgongo wa kambale.
Tulizilaza kwenye majani nyuma ya kituo,
tukalala kifudifudi, tukapiga makasia hewani.
Gwamaka akipuliza filimbi, tunainuka,
magoti yanalia kama bawaba.
Wachuma chai walisimama na vikapu mgongoni.
Mmoja akauliza, kwa upole, kama tumeokoka.

Saa kumi ukungu ukashuka kutoka Rungwe
ukimeza chai mstari kwa mstari.
"Hilo linakuja!" Bupe akapaza sauti. "Jiandaeni!"
Na kweli tulijiandaa.

Siku tatu kabla ya safari, mama akateleza jikoni.
Nyonga.
Nikawaambia nendeni. Nadhani nilisema vizuri,
maana walikwenda.
Fedha yangu ikageuka chuma ndani ya paja la mama.
Sijutii, naeleza tu hesabu ilivyokwenda.
Jina langu nililipiga mstari kwa rula.

Jumatano picha zikaanza kuingia:
vibanda vya makuti, vitanda vyenye maua juu ya shuka
(nani analalia maua?),
Subilaga, anayeogopa hata maji ya beseni,
amekumbatia ubao wake kama mtoto wa kwanza.
Bupe akatuma sauti: "Dada, maji ni ya moto,
utadhani mtu kayachemsha!"
Nyuma yake mngurumo, kama malori
yanashuka Mlima Nyoka yote kwa pamoja.
Nikasikiliza mara nne. Ya tano nikamwekea mama.
Akatega sikio. "Wanakaanga nini hao?"

Halafu video. Gwamaka, miaka hamsini na miwili,
tumbo mbele, mikono kama anapima kitambaa,
amesimama juu ya wimbi.
Nilihesabu kwa saa ya ukutani: sekunde tatu.
Gawa michango yake ya miezi ishirini na miwili,
kila sekunde ni laki tatu na ushee.
Bei nzuri.

Usiku ule mama alilala mapema.
Ubao wangu ulikuwa bandani,
kuku ameufanya kitanda. Nikamhamisha.
Nyuma ya nyumba uwanja unainama
hadi migomba ya jirani, na majani yalikuwa yameloa.
Sikupanga kitu. Nilivua kandambili,
nikapanda, nikasukuma kwa mguu mmoja,
na ule ubao, mungu wangu, ukaondoka.
Giza likanijia usoni na manyunyu yake.
Moja. Mbili. Tatu.
Nne,
na mgomba.

"Nani huyo anacheka nje?" mama akaita.
Nikasema ni mimi, nafunga banda.

Walirudi Jumatatu, pua zimebambuka,
wakiongea wote kwa mpigo.
Mapacha wananuniana, sababu hawasemi.
Mchanga ulitoka kwenye viatu vyao
ukabaki sakafuni mwangu, sijaufagia.
Subilaga aliniletea bahari kwenye chupa ya soda.
Nikaiweka mezani, hatukujua tuifanyeje.
Mama akafungua kifuniko,
akaionja kwa ncha ya ulimi,
akafikiri.
"Chumvi imezidi," akasema. "Ongezeni viazi."